Sabuni ya maji ya nyumbani: tuitengeneze, lakini tusidanganyane



  



Tumezoea katika ukurasa huu kuzungumzia swala, funga na malezi. Leo tunazungumzia sabuni. Huenda wapo watakaosema, ustadhi na sabuni wapi na wapi? Jibu ni kwamba kila kitabu cha fiqhi tunachosomesha watoto huanza na mlango wa twahara, na hapa kwetu Bujumbura, hasa Buyenzi, biashara ya sabuni ya maji imeingia katika karibu kila nyumba. Akina mama wanaipika, vijana wanaitembeza mitaani kwenye bidoni, na madrasa zetu zinainunua. Kwa hiyo jambo hili limekuwa la dini, la afya na la riziki kwa pamoja.

Kisa kilichotufanya tuandike

Mama mmoja alitujia madrasani na binti yake wa miaka tisa. Viganja vya mtoto vilikuwa vimebabuka na vyekundu, kiasi kwamba alishindwa kufungua kurasa za juzuu yake. Mama akauliza, "Ustadhi, mwanangu akitia udhu analia. Je, anaweza kutayamamu?" Tulimjibu kwa tulivyojifunza, kwamba aoshe viungo vilivyo vizima, na kwa sehemu ambayo maji yanaidhuru atayamamu, mpaka Allah amponye. Kisha tukamshauri ampeleke zahanati.

Tulipouliza sababu, ilikuwa ni sabuni ya maji iliyonunuliwa mlangoni. Kwenye chupa imeandikwa kuwa ni ya asili, tena ya habat soda, dawa ya Mtume. Tulimtafuta muuzaji, naye ni kijana wetu, anaswali nasi. Hakuficha. Alisema huchanganya salfoniki, slesi, kostiki soda, chumvi, rangi na manukato ndani ya pipa. Kostiki soda huitia kwa kukadiria kwa macho. Na habat soda? Akainamisha kichwa. Ilikuwa ni ya jina tu.

Hatumtaji, wala hatumwandiki ili kumvunjia heshima. Tunaandika kwa sababu wako wengi kama yeye, na wengi wao hawajui kuwa wanakosea.

Sabuni ya asili ni ipi?

Kwanza tuelewe maneno. Sabuni kwa maana yake ya kale ni mafuta yaliyopikwa pamoja na magadi makali mpaka vyote viwili vikageuka kitu cha tatu. Kwa kostiki soda unapata sabuni ngumu ya mche. Kwa potashi kali unapata sabuni laini, ambayo ukiizimua kwa maji inakuwa sabuni ya maji. Hiyo ndiyo sabuni ya maji ya asili.

Ile ya salfoniki na slesi ni kitu kingine. Ni dawa ya kusafishia ya kiwandani. Hatusemi ni haramu. Ikichanganywa kwa vipimo inasafisha vyombo na sakafu vizuri, na familia nyingi zinakula kwa kuiuza. Tunachosema ni kwamba aiuzaye aiite kwa jina lake. Tunakumbuka kisa cha Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni, akaingiza mkono katika lundo la nafaka, vidole vyake vikakuta umaji uliofichwa chini. Alimkemea mwenye mali kwa kutouweka juu watu wakauona, na akajitenga na mwenye kughushi. Basi kuna tofauti gani kati ya nafaka iliyolowa iliyofunikwa na kavu, na salfoniki iliyofunikwa kwa karatasi yenye neno asili?

Ubaya huzidi pale jina la Mtume (s.a.w.) linapotumika kuuzia. Habat soda imetajwa katika hadithi sahihi, nasi tunaiheshimu. Lakini kuandika kuwa sabuni inatibu pumu, sukari au mashetani ni kumzulia Mtume asilolisema. Sabuni inaondoa uchafu na mafuta, na maji yanavichukua. Hiyo pekee ni neema kubwa. Waliokuwapo hapa mwanzoni mwa mwaka 2023, kipindupindu kilipotangazwa, wanajua thamani ya kunawa kwa sabuni.

Urithi wetu na mali yetu

Neno lenyewe sabuni tumelipata kwa Waarabu. Miji ya Waislamu ilipata sifa kwa kazi hii. Watu wa Nablus, Palestina, walipika sabuni ya mafuta ya zeituni, na wa Halab, Syria, waliongeza mafuta ya mti wa ghari. Mwaka 2024 UNESCO iliziingiza kazi hizo mbili katika orodha yake ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Ni kazi za mikono ya familia, baba anamrithisha mwana, na jina la familia limesimama kwa sababu kilichoandikwa ndicho kilichomo.

Sisi hatuna zeituni, lakini tuna michikichi. Mawese ya Rumonge yanafika sokoni kila siku, na mafuta ya mise, yaani ya kokwa za chikichi, nayo yapo. Mawese huipa sabuni uzito na ulaini, mise huipa povu. Wazee wetu walijua hata kupata magadi kutoka kwenye majivu ya maganda ya ndizi. Majivu hayo yana potashi, ila ni dhaifu na nguvu yake haipimiki kirahisi, ndiyo maana leo tunashauri potashi ya dukani yenye kipimo kinachojulikana.

Kuna faida nyingine ya kifiqhi. Sabuni nyingine huwa na shahamu ya wanyama ambao hatujui walichinjwa vipi au ni wanyama gani. Wanazuoni wa Kihanafi wameruhusu sabuni iliyotokana na mafuta najisi kwa kuwa dhati yake imegeuka. Katika madhehebu ya Imam Shafi, tunayoyafuata wengi katika eneo hili, kugeuka huko hakutoshi. Mwenye kupika mwenyewe kwa mawese ameepukana na shaka hiyo.

Namna ya kuipika

Tunatoa vipimo vya kundi dogo. Mafuta ya mawese gramu 700, mafuta ya mise gramu 300, potashi kali yenye usafi wa asilimia 90 gramu 225, na maji gramu 700. Tumieni mizani, si kikombe wala jicho. Kila mafuta yana kipimo chake cha potashi, hivyo msibadilishe mafuta bila kubadilisha hesabu.

Mimina potashi ndani ya maji kidogo kidogo huku ukikoroga. Usimimine maji juu ya potashi, kwa kuwa yatachemka na kuruka usoni. Maji hayo yatapata moto yenyewe bila jiko. Vaa glovu na miwani, na ufanyie mahali penye hewa. Chombo kiwe cha chuma kisichoshika kutu au plastiki ngumu, kisiwe sufuria ya alumini, kwani potashi huila.

Pasha mafuta moto kiasi, mimina yale maji ya potashi ndani yake, kisha koroga mpaka mchanganyiko uwe mzito kama uji. Upike kwa moto mdogo saa tatu hivi, ukikoroga mara kwa mara, mpaka upate donge laini linalong'aa. Chukua kijiko kimoja, kiyeyushe katika maji ya moto. Mafuta yakielea kwa wingi, endelea kupika. Likishaiva, zimua kwa lita 3 hadi 4 za maji yaliyochemshwa, ya mvua yakipatikana, na uliache lilale usiku kucha.

Itatoka na rangi ya manjano na yenye ukungu kidogo. Msiitie ndimu wala siki kwa kudhani mnapunguza ukali, mafuta yatajitenga na kazi yote itapotea. Sabuni ya kweli ina ukali kidogo kwa maumbile yake, hivyo haifai machoni.

Watoto kwanza

Hapa tunawaomba wazazi mtusikilize kwa makini. Potashi na kostiki soda ni sumu. Msiziweke katika chupa ya soda au ya maji ya kunywa, hata kwa dakika moja. Mtoto mwenye kiu hasomi karatasi. Zifungieni juu, na siku ya kupika watoto wakae kwa shangazi au kwa jirani. Ikimrukia mtu, mwosheni kwa maji mengi yanayotiririka kwa muda wa dakika 20, bila kupaka siki, kisha hospitali. Aliyemeza asitapishwe. Akimbizwe hospitali.

Kwa sababu hii hatukubaliani na wanaotaka wanafunzi wadogo wafundishwe kupika sabuni madrasani kama mchezo. Wakubwa wapike, wadogo wafundishwe kunawa.

Rai yetu

Tunapendekeza mambo matatu. La kwanza, akina mama wa mtaa mmoja waungane, wanunue mizani moja na potashi kwa pamoja, kwani potashi ni adimu kuliko kostiki soda, na peke yako gharama inaweza kushinda faida. La pili, kila chupa inayouzwa na Muislamu iandikwe kilichomo kwa lugha inayosomeka, bila ya ahadi za tiba. La tatu, kila madrasa iweke sabuni penye udhu na penye choo. Na watoto wakumbushwe kuwa maji yaliyogeuzwa na sabuni hayatilii udhu. Watakate kwanza kwa sabuni, kisha watie udhu kwa maji safi.

Kuna watakaosema kuwa mwenye kuandika ukweli hatauza. Yule kijana wetu naye alisema hivyo. Tulikaa naye, tukampa vipimo hivi, akanunua mizani. Sasa anauza aina mbili: moja imeandikwa ya mawese, nyingine imeandikwa ya kuoshea vyombo tu, haifai mwilini. Anasema ya kwanza inauzwa polepole, lakini wanunuzi wake wanarudi. Binti yule viganja vimepona, alhamdulillah, na amerejea kwenye juzuu yake. Mama yake ni mmoja wa wanaorudi kununua.

Tunamuomba Allah (s.w.) atutwaharishie miili yetu, nyoyo zetu na chumo letu. Amin.

Wabillahi tawfiq.