Hwang ana vita vyake, Elena hana hata kijiji

Leo naomba tuweke kando habari za seva na hifadhidata, tuongee gemu. Najua kuna watakaoguna kwamba mtu mwenye digrii ya sayansi ya kompyuta, anayekaribia miaka thelathini, bado anapiga kelele juu ya watu wa kuchorwa wanaokatana kwa panga. Guneni tu, lakini msome hadi mwisho, maana jambo lenyewe linatuhusu sisi wa huku kuliko linavyowahusu Wajapani walioitengeneza gemu hiyo.

Gemu ni Soulcalibur, na mtu ni Hwang Seong-gyeong. Waliokulia kwenye vibanda vya PlayStation watamkumbuka. Pale sokoni Mikinduri palikuwa na kibanda kimoja cha mabati, mchezo mmoja shilingi kumi, na vijana wote walimwita Hwang "Bruce Lee". Katika Soulcalibur III ya 2005 alikuwa amefichwa, lazima umfungue kwanza, na mwenye kibanda alilinda ile kadi ya kumbukumbu kuliko alivyolinda pesa.

Hwang si Mchina wala si Bruce Lee. Ni Mkorea. Kampuni ya Namco ilimtoa katika Soul Edge, gemu ya kwanza ya mfululizo huu, katikati ya miaka ya 1990. Hadithi yake iko mwishoni mwa karne ya 16. Anautafuta ule upanga wa ajabu kwa sababu anaamini utaiokoa nchi yake Japani ikija kuivamia. Basi, anayejua historia akishika pedi anajua kitu ambacho Hwang hajui: uvamizi ulikuja kweli. Mwaka 1592 majeshi ya Japani yalivuka bahari, vita vikaendelea hadi 1598, na mwaka 1597 jemadari Yi Sun-sin alisimama pale Myeongnyang na meli 13 mbele ya meli za Japani zaidi ya mia. Hwang yuko miaka michache tu kabla ya hayo yote. Anakimbia duniani akitafuta dawa, na ugonjwa uko njiani unakuja. Mimi hilo hunishika kila ninapomchagua, hata kama mwenzangu ananipiga raundi tatu mfululizo.

Tena kumbukeni walioandika hadithi hiyo ni Wajapani. Kampuni ya Kijapani inamwandika Mkorea mzalendo anayeiogopa Japani, na kumwandika kwa heshima. Kwa nini? Sidhani ilikuwa huruma. Japani iliitawala Korea tangu 1910 hadi 1945, na baada ya hapo Korea Kusini ilizuia kwa miaka mingi utamaduni wa kisasa wa Kijapani usiingie, ikaanza kufungua mlango kidogokidogo mwaka 1998. Kumuuzia Mkorea gemu yenye samurai shujaa halikuwa jambo dogo. Mitsurugi, yule samurai ambaye ndiye sura ya mfululizo wote, aliondolewa katika toleo la Korea, akawekwa Mzungu anayeitwa Arthur ashike upanga uleule. Fikirini hilo kama programa: mtu mzima anabadilishwa kwa sababu ya wateja wa nchi moja! Wakorea walikuwa na vyumba vya gemu vilivyojaa, walikuwa na sheria, na walikuwa na pesa. Walihesabiwa.

Simaanishi Hwang alitendewa vizuri siku zote. Katika Soulcalibur II ya 2002 aliachwa nje, nafasi yake akapewa kijana Hong Yun-seong. Ya nne ya 2008 hayumo, ya tano ya 2012 hayumo. Alirudi Soulcalibur VI mwishoni mwa 2020, na hapo unamlipia kando. Lakini hata alipokuwa nje, alibaki na nchi, na vita, na sababu ya kushika upanga.

Sasa njooni nyumbani. Kenya ina mtu wake katika gemu za kupigana, na wengi hawajui. Anaitwa Elena. Capcom ilimleta katika Street Fighter III mwaka 1997, akarudi katika Ultra Street Fighter IV mwaka 2014, na Juni 2025 akaingia Street Fighter 6. Mrefu, mweupe wa nywele, pekupeku, mcheshi. Ni binti wa mtawala wa kabila la nyikani, Kenya. Kabila gani? Nyika ipi? Lugha gani? Kwa Hwang nina uvamizi wenye mwaka. Kwa Elena nina nyasi.

Halafu anapigana kwa nini? Kwa capoeira. Capoeira ni ya Brazili. Najua mtakachosema, maana nimeshaambiwa: capoeira iliundwa na Waafrika waliopelekwa Brazili utumwani, kwa hiyo ni yetu. Sawa, lakini wengi wa waliohusishwa na mchezo huo walitoka Angola na pande zile za magharibi. Kutoka Angola hadi Meru si kutoka Mikinduri hadi Muthara. Mtu akimchora Mkorea anayepigana kwa mtindo wa Kihindi kwa sababu "wote ni Waasia", huko Seoul patawaka moto. Na huo ubinti wa mfalme pia unanichekesha. Wameru hatukuwa na mfalme. Tulikuwa na Njuri Ncheke, baraza la wazee, na lipo mpaka leo, makao yake Nchiru. Chifu alikuja na Mwingereza. Ukimtaka mwanamke wa Kimeru mwenye hadhi, tafuta kwingine, usimpe taji la hadithi za Ulaya.

Nimpe Elena haki yake: kiufundi ni mzuri sana. Mateke yake ni marefu, mwendo wake hautulii, na aliyemchora alipenda kazi yake. Shida ni kwamba mwaka 1997 hakuna Mkenya aliyehitajika kuulizwa. Tulikuwa mandhari, si wateja. Leo hali si ileile. Tuna watu kama Sylvia Gathoni, anayejulikana kama QueenArrow, aliyesajiliwa na timu za nje kwa kucheza Tekken. Kila mtaa una vijana wenye simu na mashine. Kwa hiyo kuna siku kampuni fulani kubwa itakumbuka kwamba Afrika Mashariki inanunua, na itamtengeneza mpanga sime wetu. Hapo ndipo ninapopata wasiwasi, kwa sababu najua jinsi kazi hiyo hufanywa. Niwaeleze.

Mpiganaji wa gemu si picha. Ni jedwali la namba. Gemu hizi huenda kwa fremu 60 kwa sekunde. Kila pigo lina fremu za kuanza, fremu za kuuma, na fremu za kurudi. Pigo la haraka huanza kwa fremu kama 12, yaani sehemu ya tano ya sekunde, na zito hupita 20. Juu ya hapo kuna umbali, kuna pembe, kuna visanduku visivyoonekana vinavyosema mkono uko wapi na mwili uko wapi. Mtengenezaji mwenye haraka huchukua jedwali la mtu aliyekwisha kutengenezwa, mara nyingi mwenye upanga wa Kijapani, anabadilisha nguo, anaweka shanga, anauza. Mchezaji ataona Mmeru, lakini vidole vyake vitahisi samurai. Mimi nadhani utu wa mpiganaji hukaa kwenye namba zaidi kuliko kwenye nguo.

Chukueni sime yenyewe. Ina makali pande zote mbili. Ni nyembamba karibu na mpini, inapanuka kuelekea nchani, kwa hiyo uzito uko mbele. Ni ya kukata zaidi ya kuchoma. Haina kikinga mkono, basi huwezi kuzuia upanga wa mwenzako kwa upanga wako kama wafanyavyo kwenye sinema, utabaki bila vidole. Kazi ya kuzuia ni ya ngao. Na ni fupi, kwa hiyo mwenye sime lazima aingie ndani ya mkuki wa adui. Hayo yote ni namba: umbali mdogo, hatua ya mbele ya haraka, kinga iliyo upande wa kushoto tu, na adhabu kubwa ukikosa kwa sababu uzito wa ncha unakuvuta.

Nilimwonyesha babu yangu video za Hwang kwenye laptopu, kijijini, jioni baada ya chai. Alitazama kwa makini kama anatazama shauri la mpaka wa shamba. Kisha akauliza, "Huyu anafanya nini?"

"Anapigana, babu."

"Hapana, mjukuu wangu. Huyu anacheza ngoma. Mbona anampa mwenzake mgongo?"

Nikamwambia anazunguka ili apate nguvu. Akacheka mpaka akakohoa. "Mwenye sime hageuzi mgongo. Ukiugeuza, umeuacha kwa mwenye mkuki." Usiku uleule nilifuta mapigo manne ya kuzunguka kwenye faili langu. Yalikuwa mazuri kwa macho, tena nilikuwa nimeyahangaikia.

Ndiyo, nina faili. Natumia MUGEN, ile programu ya bure ya Elecbyte ya mwaka 1999, ambayo mpiganaji wake ni faili chache tu: moja la picha, moja la mwendo, moja la amri za vitufe, moja la sheria za kila pigo. Ni ya kizee, lakini laptopu yoyote inaiweza, na mtoto wa kidato cha pili anaweza kufungua faili la maandishi, akabadilisha 12 kuwa 9, akaona kilichotokea. Hakuna shule bora ya programu kuliko hiyo. Anayetaka kitu cha kisasa zaidi Godot ni bure pia, msimbo wake wazi. Na msiniambie Mwafrika hawezi. Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi mwaka 2007, gemu ya pande tatu iliyotengenezwa Kenya, wakati intaneti yetu ilikuwa ya kuomba Mungu. Kiro'o Games ya Kameruni ilitoa Aurion mwaka 2016.

Wengine wananishauri mpiganaji wangu awe Field Marshal Musa Mwariama, mtu wa Tigania aliyekaa msituni bila kukamatwa mpaka akatoka Desemba 1963. Nimekataa. Alifariki 1989, juzi tu. Jamaa zake tunaishi nao, na si mtu wa kuwekewa kitufe cha kurushwa hewani. Soulcalibur yenyewe imerudi karne nne nyuma, na nadhani umbali huo una maana.

Ninachotaka ni Mbwaa. Kila Mmeru amesikia: kwamba wazee wetu walikuwa kisiwani pwani, ambacho wengi hukilinganisha na Manda kule Lamu, chini ya watu walioitwa Nguo Ntune, wavaa nguo nyekundu. Wakaamriwa mambo yasiyowezekana. Leteni kiatu chenye manyoya pande mbili. Tengenezeni mkuki unaofika mbinguni. Mwishowe wakatoroka usiku kuvuka maji. Jeffrey Fadiman ameyaandika mengi ya masimulizi haya katika kitabu chake cha 1993, lakini wengi wetu tuliyasikia jikoni kabla hatujajua kusoma. Wajapani wametengeneza mfululizo mzima kwa sababu ya upanga mmoja wa kubuni. Sisi tuna mkuki unaofika mbinguni, uliodaiwa na mtawala kwa watu aliotaka kuwaangamiza, na hakuna aliyeugusa!

Basi wangu ni kijana wa nthaka katika safari hiyo ya kutoka pwani, sime mkononi, ngao ya ngozi ya nyati, hajui wanakokwenda ni wapi. Kama Hwang, yuko kabla ya jambo lenyewe. Pigo lake la kwanza linaanza kwa fremu 11, hana pigo la kuzunguka, na kinga yake ni ya upande mmoja. Rafiki yangu mmoja wa Maua anamwona dhaifu mno, anasema nimpe umbali zaidi ili watu wampende. Nimekataa umbali, nimemwongezea hatua ya mbele.

Kilichobaki ni sauti. Sitaki kelele za filamu za karate. Kama kuna msomaji wa Tigania au Igembe mwenye mzee anayekumbuka jinsi vijana wa gaaru walivyokuwa wakiitana, naomba aniandikie. Nina kinasa sauti, na nauli ya kufika nitajilipia.