SEMINA YA SIKU MOJA HAIMWOKOI MZAZI



Naomba nafasi niwajibu wale miongoni mwetu ambao, kila inaposikiwa habari ya mzazi aliyekufa katika wilaya za Mbulu na Hanang', huwa na majibu mawili tu: mama alichelewa, ama wauguzi hawajui kazi. Kisha huketi kuandika maombi ya semina.

Jibu la kwanza sitalikawilia. Atokaye Basotu, au vijiji vilivyo mbali na Dongobesh, wakati wa masika hachelewi kwa kupenda. Lakini jibu la pili lina dhuluma ndani yake.

Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyoanzishwa Mbulu mwaka 1955, ililipima jambo hili kwa uangalifu. Aprili 2010 wauguzi na wakunga wake walifundishwa siku moja namna ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua. Walipojaribiwa miezi 7 baadaye kwa mtoto wa bandia, walifanya vizuri kuliko kwanza. Bali kitandani, kwa mtoto wa nyama na damu, kazi haikubadilika. Je, walikuwa wavivu? La, hasha! Mwaka 2011 wakaanza kujizoeza pale pale kazini, dakika chache tu, lakini mara kwa mara. Ndipo vifo vya saa 24 za kwanza vikashuka toka 11.1 hata 7.2 katika kila watoto 1,000. Mimi ni karani, hesabu naijua: hao ni watoto wanne kasoro kidogo katika kila elfu, nao wameokolewa na mikono ya wauguzi.

Njia hiyo ikapanuliwa hata vituo 30 vya mikoa 5, Manyara ukiwa mmojawapo, yakaongezwa na mazoezi ya kuzuia damu imtokayo mama baada ya kuzaa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2025 katika jarida la madaktari huko Marekani: vifo vya akina mama vilipungua kwa karibu robo tatu. Hivyo ulimwengu wasoma kazi ya wauguzi wetu, nasi twawaita wajinga!

Natambua ya kuwa semina ina utamu wake, hasa kwetu sisi tuandikao hati za posho. Chai hunywewa, majina hutiwa sahihi, na taarifa hupelekwa juu. Lakini mkono usiozoezwa husahau, na damu ya mzazi haingoji mtu atafute daftari lake.

Basi tudai haya. Dakika za mazoezi ziandikwe katika orodha ya zamu na kuhesabiwa kuwa kazi, wala zisiwe hisani ya muuguzi aliyekwisha kuchoka. Muuguzi anayekesha peke yake na wazazi watatu apewe mwenzake, maana hawezi kujizoeza huku mama analia. Tena fedha za uzazi zinapogawanywa, muuguzi naye awe na kiti mezani.

Naiomba kamati iliweke jambo hili katika mkutano ujao, kabla ya habari ya posho za safari.

Karani Mwanachama