Mastaa, Mnamkata Paka Kucha au Mnatafuta Kiki?

Leo sina umbea wa nani kaachana na nani. Leo nina hasira, na hasira yenyewe ni ya paka. Cheka kwanza, ukimaliza kucheka soma.

Kuna fasheni imeingia mjini. Staa ananunua paka wa manyoya mengi, anamvalisha tai, anamfungulia akaunti Insta, anamwita "mwanangu". Mpaka hapo sina neno, hela ni yake. Balaa linaanza siku mwanangu akikwangua kochi.

Dada mmoja, jina kapuni, mjini mnamjua kwa kope na sherehe zisizoisha, kaposti klipu akimkata paka wake kucha. Dada wa kazi kamkandamiza mnyama shingoni, bosi kashika kikatio chake cha kucha, muziki juu. Paka analia kile kilio ambacho hata asiyefuga anakijua. Kucha ya tatu, tone la damu kwenye zulia jeupe. Mwenyewe anacheka, "Anadeka huyu!" Chini komenti ni makopa na vicheko tu.

Hadeki, dada. Umemkata nyama.

Iko hivi. Kucha ya paka si kama yako ya kubandika. Ndani yake kuna kinyama cha pinki chenye mshipa wa damu na mshipa wa fahamu. Kwa paka mwenye kucha nyeupe unakiona kabisa ukimulika mwanga. Kinachokatwa ni ile ncha kali tu iliyo mbele ya hiyo pinki, milimita moja au mbili, basi. Ukiingia kwenye pinki umemuumiza, na paka hasahau kirahisi. Kesho akikiona hicho kikatio anaingia chini ya kitanda, ukimvuta anakung'ata, halafu unamposti tena eti paka wako ana mashetani.

Sasa mbaya zaidi ni watu wanaoiga. Staa ana wafuasi kibao, na wengi wao hata kikatio hawana. Wana wembe. Binti wa miaka kumi anachukua wembe wa dukani anamkamata paka wa jirani ili na yeye arekodi. Paka akitaabika anarusha mkono, ananyofoa shavu la mtoto. Na mkwaruzo au meno ya paka si kitu cha kupaka mate: osha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, nenda hospitali, maana kichaa cha mnyama hakijui kama una wafuasi wangapi. Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbua usaha.

Halafu kuna kaka mmoja msanii, naye jina kapuni, kachoka kochi lake la ngozi kuchanwa. Kaandika anatafuta daktari wa kumng'oa paka kucha zote, "zisiote tena". Watu wanamtumia namba za simu! Kaka, umewahi kuuliza kinachofanyika pale? Kucha ya paka imeota kwenye mfupa. Ili isiote tena, lazima ukate kile kifupa cha mwisho cha kila kidole. Weka mkono wako mezani, piga hesabu ya kukatwa kila kidole kwenye kiungo cha mwisho, halafu niambie kama kochi lina thamani hiyo. Uingereza wamepiga marufuku jambo hilo kama si kwa matibabu. Kule Marekani ambako mnaiga kila kitu, jimbo la New York lilipitisha sheria ya kulikataza mwaka 2019. Na hapa kwetu tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, kumtesa mnyama ni kosa. Sheria haina kipengele cha "ila ukiwa na wimbo unaotrendi".

Najua upande wa pili unakuja na povu: "Kukata paka kucha ni uzungu, bibi zetu walifuga paka na hawakukata." Ni kweli, hawakukata. Paka wa bibi alikuwa anapanda mwembe, anawinda panya stoo, anaruka ukuta, kucha zinajipunguza zenyewe. Paka wako anaishi ghorofa ya tano, anakanyaga marumaru kutwa nzima, mti anauona kwenye tivii. Huyo kucha zinarefuka, zinanasa kwenye pazia, na akizeeka zinaweza kujikunja mpaka zikachoma nyama ya kidole chake mwenyewe. Huyo lazima umsaidie.

Lakini paka wa uswahilini anayetoka usiku, muachie kucha zake. Mbwa wa mtaani akimkimbiza, kucha ndiyo silaha yake na ndiyo ngazi yake ya kupandia ukuta. Ukimkata ili apendeze kwenye picha umemtuma vitani mikono mitupu.

Kwa hiyo tatizo langu si kukata. Tatizo ni kukata kwa ajili ya kamera. Kwa anayetaka kufanya kwa nia njema, ni kazi ya kimya kimya tu. Subiri ameshiba, anasinzia. Mpakate, usimkandamize. Bonyeza kidole chake taratibu juu na chini, kucha itachomoza yenyewe. Kata ncha. Zikiwa nyeusi na huoni pinki, kata kidogo kabisa. Paka wa kawaida ana kucha 18, tano kila mguu wa mbele na nne kila mguu wa nyuma, na hakuna aliyekwambia uzimalize leo. Mbili leo, tatu kesho, mpe kipande cha dagaa, muachie aende. Wa ndani rudia kila baada ya wiki mbili tatu. Damu ikitoka, chovya kucha kwenye unga wa ngano au kornflawa, bonyeza na pamba safi dakika chache. Isipokata, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Ukiona huwezi, mpeleke tangu mwanzo, hakuna aibu.

Na kochi je? Paka hakwangui kwa ubishi. Anavua ganda la kucha lililozeeka, ananyoosha mgongo, anaacha harufu yake. Mpe pa kukwangulia. Chukua gogo, lizungushie kamba ya mkonge, ule ule unaolimwa Tanga, lisimamishe karibu na kochi analolipenda. Mafundi wapo kila mtaa, na gharama yake haifiki hata ya hizo kope.

Ujumbe wangu kwa mastaa ni mmoja. Mnyama hawezi kukataa kurekodiwa, hawezi kukublock, hawezi kwenda kwenye redio kutoa upande wake wa stori. Ndiyo maana ni rahisi kumtumia. Mkitaka kiki, tukaneni wenyewe kwa wenyewe kama kawaida yenu, tutasoma na tutachagua timu. Paka muacheni nje ya hilo.

Na wewe unayeweka makopa chini ya klipu ya mnyama anayevuja damu, usijitoe. Bila laiki yako ile klipu ingekufa siku ile ile. Haya, uwanja ni wenu, mwageni povu hapo chini.