Shauri la Ujenzi: Zege na Jua Kali

Msimu wa jua ndio msimu ambao watu wengi hujenga. Mavuno yamekwisha kuuzwa, barabara zimekauka hata malori yaweza kufika shambani, na mafundi wapatikana. Basi mkulima hununua saruji, kokoto na nondo ili ajenge tangi la maji, na kamati ya shule huanza kumwaga sakafu ya darasa jipya. Lakini yafaa tukumbuke ya kuwa jua hilo linalotupa nafasi ya kujenga ndilo pia adui wa zege. Tangi lililojengwa vibaya mwezi wa Februari halisemi neno mpaka mvua ije na kupita. Ndipo mwenyewe aonapo maji yake yamepotea kwa nyufa, na fedha za ng'ombe aliyemwuza zimepotea pamoja nayo.

Kwanza yatupasa kufahamu jinsi zege linavyoshika. Watu wengi hudhani ya kuwa huwa gumu kwa sababu limekauka, kama udongo wa ukuta ukaukavyo juani. Sivyo. Saruji na maji huungana, na katika kuungana huko hutokea kitu kipya kilicho kigumu kama jiwe. Kazi hiyo huanza mara maji yanapogusa saruji, nayo huendelea kwa majuma mengi maadamu unyevu ungalimo ndani. Unyevu ukiondoka mapema, kazi husimama, na zege hubaki dhaifu.

Joto huharakisha kushika kwa zege, na pamoja na upepo hulinyang'anya maji. Fundi aona zege linakuwa zito kabla hajalisawazisha, basi aagiza maji yaongezwe. Hapo ndipo penye kosa kubwa. Gunia la saruji la kilo 50 likichanganywa na maji lita 25, zege huwa na nguvu nzuri. Ukiongeza lita 5 tu, nguvu hiyo yaweza kupungua kwa kadiri ya sehemu moja katika tano. Maji yaliyozidi hayana kazi ya kufanya. Hutoka baadaye kama mvuke na kuacha vitundu visivyoonekana kwa macho, na katika tangi vitundu hivyo ni njia ya kuvujia.

Tena, fundi yuyo huyo aliyekuwa mkarimu wa maji wakati wa kuchanganya, mara nyingi huwa bahili wa maji kesho yake. Desturi njema ni kinyume: maji yaliyopimwa ndani ya zege, na maji tele juu yake baada ya kushika.

Mahali penye joto kama Garissa au Lodwar, ambako joto la mchana mara nyingi hupita digrii 35, maandalio ndiyo nusu ya kazi. Kokoto na zikae kivulini, zinyunyiziwe maji, kisha maji yaliyo juu yake yahesabiwe katika kipimo. Pipa la maji lisiachwe juani. Ardhi, mbao na nondo zinyweshwe kabla ya kumwaga, ila madimbwi yasisimame. Kazi ianze alfajiri au jioni. Kanuni za American Concrete Institute zaweka digrii 35 kuwa mpaka wa joto la zege lenyewe linapomwagwa, isipokuwa mhandisi ameagiza vingine. Mafundi husema, “Zege halilali,” nao wasema kweli: lililochanganywa halingoji chakula cha mchana. Likianza kushika, usilirudishie maji, heri kulitupa.

Likiisha kusawazishwa, lifunikwe upesi kwa karatasi ya nailoni ili upepo usilipasue katika saa za kwanza. Likishika, liwekwe magunia yaliyolowa, nayo yasikauke kwa muda wa siku 7 kwa uchache. Kulowesha asubuhi na kuacha likauke mchana si kulitunza.

Sasa twaja kwa upimaji, jambo ambalo huwahusu hasa makarani wa kamati na wa majengo. Kipimo cha kwanza ni cha ulaini. Chombo cha chuma chenye kimo cha sentimita 30, kipana chini na chembamba juu, hujazwa kwa tabaka 3, na kila tabaka hushindiliwa mara 25 kwa fimbo ya chuma. Kisha chombo huinuliwa, na kiasi ambacho zege limeshuka hupimwa. Siku ya joto zege huzidi kuwa zito njiani. Kwa hiyo lipimwe pale linapomwagwa.

Kipimo cha pili ni cha nguvu. Zege hujazwa katika vyombo vya mraba vya sentimita 15 kila upande, na vipande hivyo huvunjwa kwa mashine, vingine siku ya 7 na vingine siku ya 28. Vikiachwa juani usiku na mchana wa kwanza, hupata nguvu upesi, lakini siku ya 28 hupungukiwa. Na hapo zege jema laweza kuhukumiwa kuwa baya, na mwenye nyumba na mwenye kandarasi wakagombana bure. Na viwekwe kivulini chini ya gunia bichi, kesho yake vitolewe na kutiwa katika maji yasiyo moto.

Karani asikubali vipande vilivyofinyangwa kwa zege la pekee, lililotengenezwa ili lifaulu. Aandike katika daftari tarehe, saa, joto la zege, na sehemu ya jengo lilikomwagwa. Wala asidhani kuwa kipande kilichofaulu kimemaliza maneno. Hicho chaonyesha zege lilivyokuwa lilipochanganywa. Hakiwezi kujua kama sakafu yenyewe ilinyweshwa au iliachwa ikaungua.

Mambo haya hayataki fedha nyingi. Yataka ndoo ya kupimia, magunia ya kale, na mtu mmoja aliyepewa kazi ya kumwagilia maji na kuulizwa habari yake kila jioni. Anayejenga msimu huu na amchague mtu huyo kabla gunia la kwanza la saruji halijafunguliwa.