Kona ya Mama: Sindano Imerudi Mkononi

Januari 2008 tulipokimbia Kenya na kuvukia Busia, cherehani yangu ilibaki nyuma. Pale kambi ya Mulanda, Tororo, sikutaka hata kuona uzi. Tukahamishiwa Kiryandongo, tukapewa kiwanja, tukajenga. Bado nikakaa tu.

Siku moja mwanangu akaja na shati limechanika begani. "Mama, si wewe ni fundi?" Niliona haya. Nikaazima sindano kwa jirani.

Basi mama, usingoje cherehani. Tengeneza blanketi la viraka kwa mkono. Omba mabaki kwa mafundi wa sokoni, yafue, yapige pasi. Kata kwa kipimo cha kadibodi, inchi 6 kwa 6, ukiacha nusu inchi ya mshono kila upande. Unga viraka viwe safu, kisha safu kwa safu. Chini tandika shuka kuukuu, ushone kupitisha zote mbili, ukunje kingo.

Langu la kwanza lilipinda vibaya! Lakini watoto walilala na joto, na mpaka leo ninalo.

Mwezi ujao tutatia zipu. Kwaherini.