Arusha si stendi ya kwenda mbugani

Watalii wengi hulala Arusha usiku mmoja tu, na alfajiri magari huwachukua kuelekea Serengeti na Ngorongoro. Jiji linaachwa kama stendi, ilhali lina mengi ya kuona kwa gharama ndogo au bila senti. Mlima Meru, wenye mita 4,566, unaonekana kutoka mitaani asubuhi mawingu yakitawanyika. Boma la Wajerumani, lililojengwa mwaka 1900, leo ni makumbusho. Yapo pia Makumbusho ya Azimio la Arusha, yanayohifadhi habari za uamuzi wa mwaka 1967 uliobadili maisha ya taifa zima; kijana wa Arusha asiyewahi kuingia humo amenyimwa sehemu ya urithi wake. Soko la Tengeru, Jumatano na Jumamosi, halina kiingilio.

Wapo watakaosema fedha za kigeni zinatoka mbugani. Ni kweli, na hakuna anayetaka mbuga zisahauliwe. Lakini mgeni anayeongeza siku moja mjini hula kwa mama lishe, hupanda daladala, hununua ndizi sokoni, na fedha hiyo huingia moja kwa moja mikononi mwa wenyeji. Wengine wanahofia usalama wa anayetembea kwa miguu. Hofu hiyo ina msingi, ila dawa yake ni taa, njia za waenda kwa miguu na vibao vya kuelekeza. Halmashauri ya Jiji ianze na hivyo.