Ekseli ya Pedeli Haichaguliwi kwa Macho

MAGURUDUMU MAWILI, na Salim Mbwana

Ziko baiskeli za mbio za miaka ya 1970 ambazo zimevumilia mvua, mashimo na wamiliki wengi, halafu zikaja kuuawa na spana siku moja. Kosa huwa dogo: fundi amelinganisha ekseli mpya ya pedeli na ile ya zamani kwa macho, akasema inaingia.

Mfano mzuri ni Peugeot PX-10 ya Ufaransa, fremu ya chuma cha Reynolds 531 na kranki za Stronglight. Bomba fupi la chini, ambamo ekseli hupita, lina upana wa milimita 68, sawasawa na la Kiingereza. Hapo ndipo watu hudanganyika. Nyuzi za Kifaransa zina kipenyo cha milimita 35, na kutoka uzi hadi uzi ni milimita 1. Za Kiingereza zina kipenyo cha inchi 1.37, karibu milimita 34.8, na zimepishana kwa milimita 1.058. Kwa hiyo kikombe cha Kiingereza, yaani kile chenye nyuzi kinachoshika gololi za ekseli, kikifungwa upande wa kushoto, kitaingia mizunguko michache bila taabu, kisha kitagoma. Mwenye subira angekitoa. Mwenye haraka huongezea spana mpini, na nyuzi za fremu ndizo zinazolika. Upande wa kulia hakishiki kabisa, kwa kuwa Mwingereza hufunga kinyume na Mfaransa. Tena usitegemee jina lililoandikwa kwenye fremu, maana Peugeot nyingine za baadaye zina nyuzi za Uswisi, na hizo nazo upande wa kulia hufungwa kinyume. Pima.

Ukishajua nyuzi, tazama ncha za ekseli. Ncha za pembe nne zipo za aina mbili kuu, ISO waliyoitumia Campagnolo, na JIS ya Wajapani kama Shimano. Mteremko wake ni mmoja, ila ncha ya ISO ni nyembamba. Kranki ya JIS ikivalishwa ekseli ya ISO huzama ndani kupita kiasi, na ya ISO kwenye JIS hubaki nje kwa milimita nne hivi. Tofauti hiyo yatosha kuvuruga mstari wa mnyororo. Kwa baiskeli ya mbio yenye sahani mbili za meno, kutoka katikati ya sahani hizo hadi katikati ya fremu pawe kama milimita 43.5. Ekseli ikiwa fupi, sahani ya ndani hukwaruza fremu. Ikiwa ndefu, mnyororo huenda upande.

Mimi nashauri ekseli ya asili ibaki, mradi njia za gololi hazijachimbika. Safisha, tia grisi mpya na gololi mpya za robo inchi, kwa kawaida 11 kila upande. Ikiwa imekwisha kweli, kampuni ya Phil Wood ya Marekani imetengeneza ringi za nyuzi za Kifaransa za kushikilia ekseli mpya. Ni ghali, lakini fremu haikatwi.

Nanyi mnaouza vipuri vya mitumba, acheni kuandika "inaingia baiskeli zote". Andikeni nyuzi, aina ya ncha na urefu wa ekseli kwa milimita. Mnunuzi asiyeambiwa hayo asitoe pesa.